Sanduku la Babu Liache Kwanza

Nikiitwa kusaidia kuchagua kazi za maonyesho ya jamii hapa Mombasa, najua mapema kwamba sanduku litakuja. Huja la bati, lina kutu kwenye bawaba na jina la babu limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe. Huja limechorwa, limepigwa picha, limejazwa mchanga wa pwani, au limening'inizwa darini kwa kamba ya katani. Nyuma yake hufuata jahazi, kisha pasipoti ya zamani yenye nembo ya Mwingereza, kisha bangili za bibi. Sina ugomvi na vitu hivi. Kwetu pia sanduku lipo, mama ameweka mablanketi ndani. Lakini kijana mwenye asili ya Kihindi, Kigoa au Kibulushi akiniuliza aanzie wapi kazi ya sanaa kuhusu wazee wake waliohamia huku, humwambia sanduku aliache kwanza. Atarudi kulichukua baadaye, akiwa bado analihitaji.

Jahazi lililoshika upepo wa kaskazi kutoka Mandvi au Porbandar, bandari za Gujarati huko India, lilifika Mombasa baada ya wiki chache. Yaliyofuata baada ya kushuka yana miaka mia na zaidi: kupanga chumba, kukopa mtaji, kujifunza lugha, kugombana na jirani, kuoza watoto, kuzika. Wasanii wengi wa asili yetu huzimaliza nguvu zote kwenye zile wiki chache, halafu wanashangaa mbona watazamaji wanapita, wanasema "nzuri", wanakwenda kutafuta chai.

Tena hakikisha safari unayoisimulia ni ya kwenu. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu. Karibu 2,500 walikufa. Wengi wa waliosalia walirudi kwao mikataba ilipokwisha, na waliobaki hawakufika 7,000. Ni historia nzito na inastahili kazi nzuri. Lakini nimeona simba wala watu wa Tsavo na mataruma ya reli wakichorwa na wajukuu wa wauza nguo na mafundi cherehani waliojilipia nauli, na wengine ambao wazee wao walikuwa pwani hii kabla msumari wa kwanza wa reli haujapigwa. Tharia Topan, Khoja kutoka Kachi, magharibi mwa India, alisimamia forodha ya Sultani huko Unguja katika karne ya 19, na lile jengo lenye roshani za nakshi lililoanza kujengwa ufukweni mwaka 1887 kwa fedha zake mpaka leo watalii hulipiga picha. Yeye na reli wapi na wapi?

Nadhani reli inatuvutia kwa sababu inatupa jasho na makaburi. Duka halina heshima hiyo. Duka lina mizani, mkopo, na mtu mwenye hasira upande wa pili wa kaunta. Ndiyo maana mimi nasema duka lina habari zaidi.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na duka Kaloleni, Kilifi. Aliuza kaniki, amerikani, chumvi, sukari na mafuta ya taa, na alinunua mbata kutoka kwa wakulima wa Kigiriama. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilitoka kwenye daftari lake la madeni: refu, jembamba, jalada la kitambaa chekundu, limeandikwa kwa hati ya Kigujarati ambayo mimi siisomi. Nilimpelekea mzee mmoja wa mtaani kwetu, karani mstaafu, akawa ananisomea baada ya sala ya alasiri na mimi naandika. Mle ndani kulikuwa na watu. Yupo aliyechukua kitambaa cha hando, vazi la marinda la wanawake wa Kigiriama, akalipa baada ya mavuno, aliyekopa sukari ya matanga, aliyelipa deni la kaka yake aliyekwenda kufanya kazi bandarini asirudi. Pale ambapo watu wawili walikuwa na jina moja, babu aliongeza alama ya kuwatofautisha: mwenye ng'ombe mweusi, mkwe wa mgema, yule wa kisimani.

Ukipata daftari kama hilo usikimbilie kulitundika. Yale majina yana wajukuu, na wajukuu hao huenda wakaingia siku ya ufunguzi wakiwa na watoto wao, wakamkuta babu yao ukutani akidaiwa sukari. Mimi nilichapa bidhaa na bei tu, kwenye vitambaa virefu vyeupe, na sehemu ya jina nikaiacha wazi. Kisha nikafanya jambo ambalo namshauri kila mtu alifanye hata kama halimo katika mpango wake: nilikwenda Kaloleni kuuliza waliokuwa upande wa pili wa kaunta wanakumbuka nini.

Nilikwenda na ami yangu, kwa kuwa yeye amekulia kule na Kigiriama anakisikia. Tulipelekwa kwa mzee mmoja aliyekuwa akimletea babu mbata tangu alipokuwa kijana. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama kwa muda.

"Wewe ni mjukuu wa Muhindi wa pale penye mwembe?"

"Ndiyo, baba."

"Babu yako alikuwa mtu mzuri, mwanangu. Tukifiwa alikuja matangani, na njaa ilipoingia alitukopesha. Ila mizani yake ilikuwa na tabia zake."

Ami hakusema neno mpaka tukafika Mazeras. Mimi nilijua nimepata kitovu cha kazi yangu. Nyumbani mizani ile ilikuwapo stoo, ya shaba, sahani moja imepinda. Niliitundika mbele ya vile vitambaa vya madeni, na chini yake nikaandika maneno ya mzee kama alivyoyasema, kwa ruhusa yake. Ami alikuja kuona kabla ya kufunguliwa. "Unamwanika baba yangu mbele za watu?" Nikamwambia kwamba sentensi ya kwanza inamsifu baba yake, na kwamba bila ya ile ya pili hakuna atakayeiamini ya kwanza. Hakuridhika, lakini siku ya ufunguzi alikuja.

Watu waliokuja kutoka Kaloleni na Rabai walisimama zaidi mbele ya mizani ile kuliko mbele ya kitu kingine chochote. Wengine walisema duka lao la Muhindi lilikuwa na mizani mbaya zaidi. Mama mmoja mtu mzima akasema, kwa sauti ya kusikika chumba kizima, kwamba mama yake alikuwa akiirushia mbata maji usiku kabla ya kuipeleka dukani ili izidi uzito, na kwamba Muhindi alijua, na yeye alijua kwamba Muhindi anajua. Hapo ami naye akacheka.

Ushauri wangu mkubwa umo katika habari hiyo. Kazi kuhusu kuhamia mahali na kuwa wa mahali haikamiliki kwa ushahidi wa aliyehamia peke yake. Aliyekukuta hapo naye ni shahidi, na mara nyingi ndiye anayejua lini uliacha kuwa mgeni, kama uliacha. Mwezi wa Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi. Wapo waliofurahi, wapo waliouliza kwani sisi ni kabila moja tangu lini, Mgoa Mkatoliki na Kalasinga na Mbohora ndani ya kapu moja. Mimi nililipokea kwa shukrani kama mtu anavyopokea risiti. Mzee wa Kaloleni hakuhitaji tangazo la serikali kusema babu yangu alikuja matangani, na tangazo la serikali lisingemzuia kusema habari ya mizani.

Wazee wa nyumbani nao wana namna yao ya kuulizwa. Ukimwuliza bibi "tulitoka wapi na kwa nini", atakupa ile hadithi iliyokwisha lainishwa kwa kusimuliwa harusini: ufukara, jahazi, bidii, Mungu akajaalia. Uliza vitu vidogo. Kodi ya chumba ilikuwa shilingi ngapi? Maji mliyapata wapi? Nani alikuwa akipika, na chakula chenu cha kwanza cha hapa kilikuwa nini, na nani aliwafundisha kukipika? Swali hili la mwisho karibu kila mara hutoa jina la mwanamke wa Kiswahili, Kidigo au Kigiriama ambaye hayumo katika hadithi ya harusini. Mpe bibi kitu mkononi wakati anaongea, mbuzi ya nazi au leso ya zamani, mikono yake itamkumbusha. Na mwache aongee katika lugha anayogombania. Dadima wangu, yaani bibi mzaa baba, alisimulia kwa Kikachi vizuri sana, lakini alipofika kwa jirani waliyekosana kwa ajili ya mfereji wa maji machafu alihamia Kiswahili bila kujijua, na sehemu hiyo ndiyo bora katika yote niliyomrekodi.

Tazama pia albamu zenu pembeni. Katikati wamo wazazi wako na watoto waliotiwa poda. Pembeni kuna mkono uliokatwa na fremu, mkono wa yaya anayemshika mtoto asianguke. Ni nani? Kama yupo hai au ana watoto, tafuta njia ya kuwafikia kabla hujaiweka picha hiyo popote. Watoto wake wanaweza kukubali, wanaweza kukataa, wanaweza kukubali kwa sharti. Nilipofanya hivyo mimi, binti wa yaya wetu alitaka mama yake aonyeshwe kwa picha nyingine aliyokuwa nayo yeye: amevaa gauni la sikukuu, ameketi kitini, anatazama kamera. Niliziweka picha zote mbili ukuta mmoja, ile yetu ya mkono na ile yao ya kiti, ukubwa sawa, na jina lake kamili. Hakuna maelezo marefu niliyohitaji kuandika.

Watu hunilalamikia kwamba hawana nyaraka. Huenda wanatafuta kwenye chumba kimoja tu cha nyumba. Fikiria studio za picha za pwani. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, N. V. Parekh alikuwa na studio yake hapa Mombasa. Waliokuja kukaa mbele ya kamera zao hawakuwa Wahindi peke yao. Walikuja maharusi wa Kiswahili, mashekhe, vijana wa bandarini waliovaa suti za kuazima, marafiki wawili wa kike walioshikana mikono. Kwa hiyo kumbukumbu ya mpiga picha Muhindi kwa sehemu kubwa ni kumbukumbu ya majirani zake, na picha ya babu yako iliyopigwa na Muhindi huenda ipo katika nyumba ambayo hujawahi kubisha hodi. Sanaa ya Wamakonde nayo ina habari kama hiyo: Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, ndiye mmoja wa walionunua na kuchochea vinyago vya mtindo mpya wa mpingo katika miaka ya 1950. Hapo kuna kazi kubwa kwa msanii anayetaka kuuliza swali gumu: nani alichonga, nani aliuza, na bei ilipopanda nani aliiona faida?

Na mambo hayakwenda upande mmoja. Marehemu Mohamed Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa Mombasa aliyefariki mwaka 2014, alijenga sifa yake kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi. Wapenzi wake walijaa harusini bila kujua neno moja la Kihindi na bila kujali. Msanii wa asili ya Kihindi akisema "utamaduni wangu" kuhusu sauti zile, awe tayari kuulizwa na mtu wa Kibokoni, Mji wa Kale: wako peke yako? Mimi swali hilo nalipenda. Kazi moja nzuri yaweza kutoka ndani yake.

Kuhusu leso sitaongeza mengi kwa sababu kila mtu ana maoni. Zinauzwa Biashara Street hapa Mombasa, na nembo ya Mali ya Abdulla ya ukoo wa Kaderdina Hajee Essak inahesabu miaka yake tangu 1887. Ukitaka kuitumia leso katika kazi ya sanaa, itumie nzima: pindo, mji na jina. Nimeona leso iliyokatwa katikati ya jina ili mchoro wa korosho upate kuonekana, na akina mama waliokuja kutazama walikasirika kwa haki. Ukitaka kujifunza, mtazame Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kukulia Uingereza, mshindi wa tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017. Hana asili ya Kihindi, lakini amechora kanga kwa miaka mingi huku akiyapa maneno nafasi yake, na hilo ndilo nataka ulione.

Yapo mambo ambayo wazee hawatayasema. Unguja ya mapinduzi ya 1964, kwa mfano, na Uganda ya 1972, Wahindi walipofukuzwa. Usiwabane. Nimewahi kukaa na mtu aliyetoka Kampala, akasimulia vizuri mpaka kwenye kizuizi cha barabarani cha njia ya Entebbe, akanyamaza, akaniuliza kama nitaongeza chai. Nikaongeza chai. Sikurudi kwenye kizuizi kile, na sikukijaza mwenyewe kwa kubuni.

Msanii aliyenifundisha kwamba inawezekana kufanya kazi nzito juu ya jambo kama hilo bila kumlazimisha mtu kulisema ni Zarina Bhimji. Alizaliwa Mbarara mwaka 1963, na familia yake ilifika Uingereza mwaka 1974, miaka miwili baada ya Idi Amin kuwapa Wahindi siku 90 za kuondoka. Filamu yake Out of Blue, iliyoonyeshwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya Documenta ya mwaka 2002, haina msimulizi wala mtu anayehojiwa. Kuna vilima vya Uganda, moto unaopita kwenye majani, majengo matupu yaliyobanduka rangi, uwanja wa ndege wa Entebbe. Unasikia sauti za ndege, wadudu na moto. Ni kama dakika 24 hivi. Mara ya kwanza niliona inachosha. Niliporudia nikaelewa kwamba ametumia muda wake kutazama kuta, kwa sababu kuta hazina cha kuficha wala cha kuogopa. Lakini nina neno moja hata juu ya kazi hii ninayoiheshimu: Waganda waliobaki kando ya kuta zile hawamo, na mimi bado nangoja filamu itakayowasikiliza wao pia.

Sasa mambo ya mikono. Picha za zamani hapa pwani zinauawa na unyevu kuliko kitu kingine chochote. Usizitie plastiki ya moto, usizibandike kwa selotepu, wala usizirudishe kwenye zile albamu za gundi za miaka ya 1970 ambazo karatasi yake inageuka manjano na kuila picha. Ziweke kwenye bahasha za karatasi, ndani ya kopo linalofungika, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na kopo usiliweke sakafuni. Ziskani kwa ubora wa juu kadiri mashine inavyoruhusu, mbele na nyuma, maana nyuma ndiko kwenye mihuri ya studio na mwandiko wa shangazi. Ukipata negativu, shukuru, na uzishike pembeni kwa vidole vikavu.

Ukishakuwa na nakala nzuri, nakala hizo unaweza kuzitesa utakavyo. Allan deSouza, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1958 katika familia ya Kigoa na kuhamia Uingereza kisha Marekani, alichukua slaidi ambazo baba yake alizipiga Kenya, akazichapa, akaziacha zile nakala hapa na pale ndani ya nyumba yake Marekani ziokote vumbi, nywele na mabaki ya chakula. Watu waliomo wakaanza kupotea chini ya uchafu wa maisha ya nyumba mpya. Ni kazi ya mwaka 2004 hivi, inaitwa The Lost Pictures, na kila ninapoieleza kwa wanafunzi kuna mmoja anayetaka kwenda nyumbani kumwaga chai juu ya picha ya nyanya yake. Tafadhali, nakala. Nakala tu.

Wenzetu mliohama mara ya pili, mlioko Leicester, Toronto au kwingineko, nyinyi mna kazi ngumu kidogo, kwa sababu "asili" yenu ina vituo viwili na ndugu wa India hawakijui hiki cha kati. Mimi nilipofika Mandvi na mama yangu, tukatembea kando ya mto Rukmavati ambako mpaka leo wanaunda vyombo vya mbao, mwenye mkahawa alitusikiliza Kikachi chetu akatuuliza tumetoka Afrika upande gani. Kule sisi ni Waafrika, na alisema bila ubaya. Brendan Fernandes, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1979 mwenye asili ya Kigoa, aliyekulia Kanada na sasa yuko Chicago, amelichezea jambo hili kwa ujanja: amechukua sanamu za kulungu za plastiki, zile za wawindaji za kuwavutia wanyama, akazivisha barakoa nyeupe za mfano wa zile zinazouzwa kwa watalii Kenya. Nani mwenyeji hapo, nani mnyama, nani bidhaa? Unacheka kwanza, kisha unakaa vibaya.

Ukiwa Leicester, una nyaraka ambayo huku hatuna. Mwaka 1972 halmashauri ya jiji hilo ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi Wahindi wa Uganda wasiende huko, kwamba nyumba, shule na huduma zimeelemewa. Maelfu walikwenda vilevile, na leo Belgrave Road unakula muhogo wa kukaanga na pilipili kama uko Kisauni. Tangazo lile limetumiwa na wengi tayari kama kichekesho cha "mlitukataa, tazameni sasa". Ningekuwa huko ningewatafuta wazee wa mtaa uleule, Waingereza na watu wa Karibi, walioisoma habari ile wakiwa vijana, niwaulize waliogopa nini hasa na nani alikuwa wa kwanza kuwabishia hodi. Ni mizani ileile ya Kaloleni.

Mahali pa kuonyesha pana uzito sawa na kazi yenyewe. Kumbi za jumuiya zetu ni nzuri, zina feni na maegesho, lakini nyingi zina geti na askari, na mama aliyetoka Rabai na kikapu chake hataingia kutazama mizani. Mwaka 2000 Sultan Somjee na wenzake walipoandaa maonyesho ya urithi wa Waasia wa Kenya waliyaweka katika Makumbusho ya Taifa Nairobi, mahali ambapo mwanafunzi yeyote aliyekuja kwa basi la shule aliyakuta. Mimi nimetumia veranda ya shule, ukumbi wa chifu, na mara moja ghala la mbata lisilotumika. Maelezo ya ukutani yaandike kwa Kiswahili kwanza, herufi kubwa, sentensi fupi. Kiingereza kiwe chini. Kigujarati au Kikachi ukiweza, na mpe mzee ayasome kabla hayajachapwa. Weka mtu wa kukaa na wageni, si mlinzi bali mtu wa kuongea nao, na kinasa sauti mezani kwa atakayetaka kuongeza lake. Chai iwe ya bure.

Mwisho ni karatasi. Kila mtu aliyekupa picha, sauti au kitu, andikianeni ukurasa mmoja kwa lugha anayoisoma: ametoa nini, kitaonyeshwa wapi, kwa muda gani, jina lake liandikwe vipi, na kwamba anaweza kukiondoa akibadili nia hata maonyesho yakiwa yanaendelea. Kazi ikiuzwa, sehemu yake ni ngapi, iandikwe kwa namba. Atakayesema "sisi ni watu wa nyumbani, hayo ya nini" mwandikie hivyohivyo, mpe nakala yake, na yako iweke pamoja na zile bahasha za picha. Maonyesho yakiisha rudisha kila kitu mwenyewe kwa mkono, pamoja na picha moja iliyochapwa vizuri ya kutundika kwao.